Uzi Mwekundu kwenye Joho la Mchungaji

Kitasa kilizunguka.

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Pasi wiki jana, msomaji. Yuko peke yake chumba cha pasi, joho la Mchungaji limemlowesha mapajani, sindano iko mkononi, na uzi mwekundu bado haujakatwa. Hatua zilizokuwa zikija zimefika mlangoni, na mlango ule hauna komeo.

Aliukata uzi kwa meno, akaichomeka sindano kwenye kola ya gauni lake.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Tajiri mwenyewe, mwenye dobi, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake.

"Miwani yangu iko wapi?"

"Iko kichwani kwako, Tajiri."

Akapapasa, akaikuta. Akaishusha puani kwa hasira, kana kwamba Mama Pasi ndiye aliyeipandisha huko juu.

"Lete hilo joho. Nataka kuuona huo uzi kwa macho yangu mawili!"

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, mambo yako hivi. Pale dobi kila nguo ikipokelewa hushonwa uzi mfupi kwenye pindo. Uzi wa kijani maana yake chemsha. Uzi mwekundu maana yake maji baridi tu, na ole wake atakayeitia kwenye moto. Anayefua hapapasi kitambaa wala habahatishi. Anatazama uzi, basi.

Joho lile ni la sufu nzito nyeupe. Mama Pasi alilipokea juzi, akalishona uzi mwekundu kama inavyotakiwa. Halafu jana mchana, wenzake walipokwenda kula, akaufumua na kushona wa kijani.

Leo asubuhi Cheko, mfuaji, akaona kijani. Akachemsha.

Joho likatoka pipani limejikunyata kama paka aliyenyeshewa. Na wakati Tajiri akipiga kelele na watu wakikimbizana, Mama Pasi akalibeba, eti anakwenda kulikamua. Akarudisha uzi mwekundu.

Kwa nini? Kwa sababu ya wivu. Wivu tu, msomaji, hakuna jina lingine la kuupaka rangi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea Cheko kazi miezi minane iliyopita. Ndiye aliyemkalisha benchi moja naye kanisani Jumapili ya kwanza, akamfungulia ukurasa wa nyimbo. Alimpenda kama mdogo wake. Kisha watu wengine nao wakaanza kumpenda Cheko, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kila asubuhi njiani Mama Pasi alikuwa akiomba maneno yaleyale. "Bwana, leo tu. Leo nisimwonee kijicho." Siku nyingine ombi lilimshikilia mpaka saa tatu. Siku nzuri lilifika saa tano. Kisha Cheko angecheka kule kwenye mapipa, wote wangecheka naye, na donge lingempanda Mama Pasi kooni akiwa na shati la mtu mkononi.

Basi joho likawekwa juu ya meza ya kukunjia. Wote wanne wakalizunguka: Tajiri, Mama Pasi, Cheko, na Bi Mkunjo, mama mnene anayekunja nguo na kukunjua siri za watu.

Tajiri akainama, pua karibu iguse pindo.

"Rangi gani hii?"

"Nyekundu," akasema Bi Mkunjo. "Hata mimi nisiyesoma naiona."

"Tajiri, mimi nimeona kijani," akasema Cheko. "Haki ya Mungu nimeona kijani."

"Kijani kimetoka wapi? Kimeota? Kikavunwa?"

"Labda umwazime miwani yako," akasema Bi Mkunjo.

Hakuna aliyecheka. Hata Cheko, anayecheka maji yakimwagika, anayecheka sabuni ikimwingia jichoni, hakucheka.

Akalishika pindo. Akaupitisha uzi ule chini ya kidole gumba, mara moja, mara mbili. Akauvuta kidogo kwa kucha.

Halafu akainua macho. Hakumtazama Tajiri. Alimtazama Mama Pasi.

Mama Pasi akagusa sindano kwenye kola yake. Sasa atasema, akawaza. Sasa anasema.

"Basi," akasema Cheko polepole, "joho nimelichemsha mimi. Hilo sikatai."

"Unakataaje na ushahidi uko mezani!" Tajiri akapiga meza mpaka mashati yakaruka. "Unajua nani alilishona joho hili? Marehemu mke wa Mchungaji, kwa mkono wake, anaumwa hivyo hivyo! Mchungaji anakuja kulichukua saa kumi. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Ukimaliza kumwambia, chukua vitu vyako uende."

"Sawa, Tajiri."

"Usiniambie sawa!"

"Basi si sawa, Tajiri."

Akaondoka kuelekea uani kwenye mapipa yake, mgongo umenyooka.

Tajiri akashusha pumzi. Akatoa mfukoni funguo mbili zilizofungwa kwa kamba, funguo za tawi jipya lililokuwa likizungumzwa pale dobi mwezi mzima.

"Nilikuwa nimpe yule," akasema. "Sitakuficha. Nilikuwa nimpe yule Ijumaa. Kumbe ningeunguza nyumba. Chukua, Mama Pasi. Miaka kumi na sita hujawahi kuniharibia hata leso. Msimamizi wa tawi jipya ni wewe."

Funguo zikatua kiganjani mwake.

Zilikuwa za moto kutoka mfukoni kwa mzee. Mama Pasi akazifumba. Kumbe raha iko hivi, akawaza. Akarudi chumba cha pasi, akachukua shati, akalinyoosha kola kwa mkono mwepesi, hata akaanza kuimba kidogo.

Ile raha ilidumu mashati matatu.

Katika shati la nne akasikia sauti ya Bi Mkunjo nje ya dirisha. "Mwanangu, usilie. Kula kwanza. Hata kama unafukuzwa, fukuzwa umeshiba."

Na sauti nyingine, ya mwanamke wa dukani jirani: "Cheko anaondoka? Jamani! Basi hapa patakuwa kama mochwari."

Miaka kumi na sita, akawaza Mama Pasi. Nikiondoka mimi, nani atasema patakuwa kama mochwari? Watasema pasi imebaki wazi, nani anaitaka.

Hebu ona wivu ulivyo, msomaji. Amemwangusha mwenzake, ana funguo mfukoni, na bado anamwonea kijicho hata kwa machozi anayoliliwa!

Akashtuka yeye mwenyewe. Akaiweka pasi wima. "Bwana," akanong'ona, "mbona nimepata nilichotaka na bado kinawasha?"

Akatoka uani.

Cheko alikuwa anaosha pipa, mikono imeingia mpaka mabegani. Pembeni yake kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye kanga moja, kikombe na ndala. Vitu vyake vyote vya miezi minane.

"Umekuja kunipa pole, dada?" akauliza bila kugeuka.

"Nimekuja... nimekuja kuona kama umekula."

"Nimekula. Bi Mkunjo amenilazimisha."

Maji yakadondoka.

"Sufu ikichemshwa hujivuta," akasema Cheko, kama anayemfundisha mtu kazi. "Uzi wa pamba haujivuti. Kwa hiyo uzi uliochemka pamoja na sufu hubaki umelegea, unaning'inia kama mkanda wa mtu aliyekonda. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, wiki yangu ya kwanza."

Mama Pasi akashika ukingo wa pipa.

"Ule uzi wa pale mezani umekaza, dada. Umekaa vizuri kama umeshonwa leo asubuhi."

Kwenye kamba shuka zikapigwa na upepo, pah, pah.

"Kwa nini hukusema?"

Hapo Cheko akageuka. Mama Pasi alikuwa amejiandaa kuona uso wa upole, uso wa mtakatifu, wa kumfanya amchukie zaidi. Haukuwepo. Macho ya Cheko yalikuwa mekundu kwa hasira.

"Usidhani nimekuonea huruma! Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo pale ningetoa matusi ambayo sijayatoa tangu nibatizwe. Nimeyauma kwa meno. Mpaka sasa taya linaniuma."

"Cheko..."

"Usiniite. Wewe ndiye uliyenikalisha kanisani. Wewe ndiye unayetuongoza akina mama kwenye maombi. Nilikuwa nikikutazama nikisema, Mungu, nifanye niwe kama huyu dada. Sasa nisikilize. Nakupa mpaka saa kumi useme mwenyewe. Nataka utoke kwa mdomo wako, usitolewe na mimi. Saa kumi ikigonga hujasema, nasema."

Akarudi kwenye pipa lake. Akaanza kusugua kwa nguvu, kana kwamba pipa ndilo lililomkosea.

Mama Pasi akarudi ndani. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na nusu. Ana saa moja na nusu. Muda tele, akajiambia. Nitamwita Tajiri pembeni. Nitasema nilichanganya nyuzi, bahati mbaya, uzee, macho. Nusu ya ukweli ni bora kuliko hakuna. Au nitamwambia Mchungaji faragha, kesho, baada ya ibada, nikiwa nimevaa vizuri...

Alikuwa bado anaushona uongo wake aliposikia mlango wa mbele.

"Hodi hapa!"

Saa tisa na robo. Mchungaji amekuja mapema!

Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, wa kuinamisha kichwa kila mlango. Tajiri akatoka mbio akiwa ameshika joho nyuma ya mgongo kama mtoto aliyevunja sahani. "Cheko! Njoo! Mama Pasi, njoo na wewe, msimamizi! Bi Mkunjo, wewe usije!"

Bi Mkunjo akaja.

"Mchungaji, kaa kwanza," akasema Tajiri.

"Mbona nikae? Kuna msiba?"

Tajiri akalitoa joho.

Mchungaji akalipokea, akalikunjua, akalipima kifuani kwake. Pindo lilimgota magotini. Mikono ilimfika kwenye viwiko. Akajitazama chini, kulia, kushoto.

Akakaa kwenye benchi la wateja.

"Alilishona miezi minne," akasema. "Alikuwa akichoka, analala na sindano mkononi. Mimi namtoa sindano, naichomeka kwenye mto. Akiamka ananigombeza, mbona umeihamisha."

Akalipapasa kola kwa kidole kimoja.

Mama Pasi akakitazama kile kidole. Mwezi mzima alikuwa amemwona Cheko tu. Cheko akicheka, Cheko akisifiwa, Cheko akitajwa kuwa ndiye atakayepewa funguo. Mzee huyu hakumwona hata kidogo alipokuwa akiufumua ule uzi. Na huyu ndiye aliyekuja kwake kwa miguu, kwenye mvua, alipolazwa na homa.

"Mchungaji," akasema Cheko, "joho lilichemshwa. Mimi ndiye niliyelichemsha."

"Hukujua kwamba ni sufu?"

"Nilikuwa na mapipa sita, Mchungaji. Nilifuata uzi."

"Uzi ulisemaje?"

Cheko akatazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika ishirini na tano. "Saa kumi nitakujibu, Mchungaji."

"Saa kumi kuna nini?" Tajiri akalipuka. "Tunasubiri taarifa ya habari? Mjibu mtu mzima!"

"Nimesema saa kumi, Tajiri."

"Huyu amerukwa na akili! Mchungaji, nisamehe, leo hii hii namfukuza, hata—"

"Ni mimi."

Sauti ilikuwa ndogo. Mama Pasi mwenyewe hakuitambua kwanza kama ni yake.

Wote wakageuka.

"Ni mimi, Mchungaji. Cheko hana kosa. Mimi ndiye niliyeharibu joho."

Mchungaji akanyanyuka taratibu, macho yamemjaa maji, akamshika Mama Pasi bega.

"Umeona, Tajiri?" akasema. "Umeona? Kosa si lake, na bado anajitwika, ili mwenzake asipoteze kazi."

"Ndiyo maana nikampa funguo!" Tajiri akasema. "Miaka kumi na sita!"

"Jamani Mama Pasi," Bi Mkunjo akafuta macho kwa taulo la mteja. "Na mimi nilivyokuwa nakusema!"

Msomaji, umeona mtego huo? Ametubu, na toba yenyewe imegeuka sifa! Tena sifa tamu, sifa alizozitamani miezi minane, zinamwagwa zote kichwani kwake na Cheko amesimama pembeni bila hata moja.

Na ule utu wa kale ndani yake, aliokuwa akipambana nao kila asubuhi, ukamnong'oneza kwa sauti ya upole kabisa. Umeshasema. Umesema kweli mbele ya mashahidi. Wakikataa kuamini, hiyo ni shauri yao. Nyamaza tu. Hata Mungu amekusikia umesema.

Akataka kunyamaza. Tusimpe sifa za uongo: alitaka kwa moyo wake wote. Akahesabu pumzi, moja, mbili, tatu.

Ndipo Cheko akacheka.

Hakikuwa kile kicheko chake cha kwenye mapipa. Kilikuwa kifupi na kikavu, cha mtu aliyeona mwisho wa jambo na kuchoka. Akainama kuchukua mfuko wake wa plastiki.

"Hapana," akasema Mama Pasi. "Subirini. Hamjanielewa."

Akachukua mkasi kwenye kaunta.

"Mama Pasi, mkasi wa nini?" Tajiri akarudi nyuma hatua moja.

Akalitoa joho mikononi mwa Mchungaji, akalilaza mezani. Akaukata uzi mwekundu, akauvuta. Ukatoka wote laini, mzima, bila hata unyoya wa sufu. Kisha akaingiza ncha ya mkasi kwenye pindo, palepale uzi ulipokuwa, akaifungua sufu.

Sufu ikichemshwa hushikana. Hubana kila kilicho ndani yake na haikiachii.

Ndani ya pindo, kama majani yaliyogandia kwenye sabuni, kulikuwa na vipande vya uzi wa kijani.

"Niliufumua kwa haraka," akasema Mama Pasi. "Ukakatika. Mwekundu nimeushona leo asubuhi, Tajiri, ulipokuwa unatafuta miwani. Cheko aliona kijani kwa sababu nilimwekea kijani. Nilitaka afukuzwe."

Bi Mkunjo akashusha taulo. "Hee!"

Tajiri akafungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu dobi lile lifunguliwe, alikosa la kufoka.

"Kwa nini, mama?" akauliza Mchungaji.

"Wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa kila kitu, Mchungaji! Anavyocheka. Anavyopendwa na watu ambao mimi nimewanyooshea nguo miaka yote na hawajui hata nina watoto wangapi. Binti yangu anamwita mama mdogo, ana siri naye, mimi siambiwi. Nilipougua, alishika pasi yangu wiki moja, nikarudi, mteja akaniambia mashati yake hayajawahi kunyooka vile. Miaka kumi na sita, Mchungaji!"

"Kweli yalinyooka," akasema Bi Mkunjo.

"Nyamaza wewe!" Tajiri akapata sauti yake.

Mchungaji alikaa tena. Vidole vyake vikazunguka kwenye kile kijani ndani ya pindo.

"Mimi pia nina jambo langu," akasema mwishowe. "Sitalitaja hapa, Bi Mkunjo yupo. Naamka nalo kila siku. Jioni nikitazama nyuma, nimelishinda mara moja, limenishinda mara nne. Kesho naamka tena."

"Nisamehe, Mchungaji."

"Nimekusamehe." Akafikiri. "Nadhani nimekusamehe. Niulize tena kesho. Leo nikilitazama joho hili bado linaniuma."

Akalikunja vizuri, akaliweka kwapani.

"Jumapili nitalivaa hivi hivi."

"Mchungaji!" akasema Tajiri. "Viwiko nje mbele ya watu wote?"

"Viwiko nje. Mke wangu hakulishona likae kabatini. Watu watauliza, na mimi sijui kudanganya. Nitawaambia waliulize benchi la akina mama." Akamtazama Mama Pasi, bila ukali. "Utajua mwenyewe la kuwajibu."

Halafu akamgeukia Cheko. Akamshika mikono yote miwili, ile mikono iliyovimba kwa maji.

"Mwanangu, ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukamngoja?"

"Nilimngoja kwa hasira, Mchungaji. Usinisifu."

"Hata kwa hasira. Mungu akubariki."

Na hapo hapo, msomaji, machozi ya toba hayajamkauka mashavuni, Mama Pasi akausikia wivu. Uleule. Ukipanda kutoka tumboni kama maziwa yanayochemka. Kwa nini amemshika mikono yote miwili? Mimi amenishika bega tu.

Bwana wangu, akalia ndani kwa ndani. Hata sasa? Hata sasa hivi?

Mchungaji akainamisha kichwa kwenye fremu ya mlango, akaenda zake.

Tajiri akanyoosha kiganja. Mama Pasi akazitoa funguo, akaziweka pale. Tajiri hakuzirudisha mfukoni. Akampa Cheko.

"Nisamehe, binti. Nimekufokea bure."

"Umezoea, Tajiri."

"Nimezoea, kweli. Msimamizi ni wewe. Na kazi yako ya kwanza nakupa sasa hivi, kwa sababu mimi moyo umenichoka." Akamnyooshea Mama Pasi kidole bila kumtazama. "Huyu. Aende au abaki? Utakalosema wewe ndilo."

Cheko akazitazama funguo. Akamtazama Mama Pasi kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

Nyumbani kwa Mama Pasi kulikuwa na mume ambaye mgongo ulimkataza kazi tangu mwaka jana, na binti wa shule. Cheko alilijua hilo. Mama Pasi akafumba macho.

"Abaki," akasema Cheko.

Mama Pasi akamsogelea. "Mdogo wangu, Mungu—"

"Sijamaliza. Kwenye tawi jipya tunakwenda mimi na yeye, wawili tu. Kuanzia kesho saa kumi na mbili asubuhi. Kila siku."

"Kila siku?" akasema Mama Pasi.

"Kila siku, dada. Siwezi kukusamehe kwa mbali, nimejaribu tangu asubuhi, haishiki. Na jambo la pili. Wewe utafua. Utaingia kwenye mapipa, uanze nilipoanzia mimi. Pasi nitaishika mimi."

Bi Mkunjo akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Pasi! akawaza Mama Pasi. Achukue funguo, achukue Mchungaji, achukue hata binti yangu. Lakini pasi? Nikiacha pasi niitwe nani? Mama nani?

"Leo hii, kuna mashati tisa ya mteja wa saa kumi na moja," akasema Cheko. "Twende."

Wakaingia chumba cha pasi, Cheko mbele, Mama Pasi nyuma, Bi Mkunjo na Tajiri wakabanana mlangoni.

Pasi ilikuwa wima mezani, bado imewaka tangu mchana. Imeiva mpaka hewa juu yake inatetemeka.

"Nipe, dada," akasema Cheko. Akanyoosha mkono, kiganja wazi.

Mama Pasi akaishika kwa mpini. Ndani yake mambo mawili yakapigana kama mbwa wawili kwenye gunia. Ilikuwa nzito kuliko siku zote za miaka kumi na sita.

"Bwana," akanong'ona, "leo tu."

Akainyanyua.

Kiganja cha Cheko kilikuwa shibiri moja mbele yake, wazi, na Cheko hakukirudisha nyuma.